Fidla ya Mshono wa Mwisho

Nilipokuwa mtoto, bado wa kutumwa dukani kununua uzi na vifungo, niliamini kabisa kwamba nguo zinasikia. Bibi ndiye aliyenifundisha. Ukigombana na mtu huku umeshika mkasi, alisema, ugomvi unaingia kwenye kitambaa, na atakayeivaa nguo ile atashinda amenuna bila kujua kwa nini. Nilikuwa na sketi ya shule iliyonibana kiunoni kila mwezi wa mwaka, na nilijua vizuri sababu yake: siku Bibi alipoikata, mama alikuwa akirushiana maneno na jirani kuhusu kamba ya kuanikia.

Tuliishi Joubert Park, mjini Johannesburg, kwenye ghorofa ambalo lifti yake ilikufa kabla mimi sijazaliwa. Sebule yetu ndiyo ilikuwa karakana. Bibi alikuwa na cherehani lake la kukanyaga chini ya dirisha, mama na mdogo wake, Mamdogo Saumu, walishonea kwenye meza kubwa, na kona ya karibu na jiko tulimgawia Papa Safari, fundi wa Kikongo kutoka Bukavu. Papa Safari alishona suti za wanaume siku za kazi, na Jumapili alipiga fidla kanisani kwao. Siku zilizobaki fidla ilining'inia kwenye msumari juu ya pasi, na ole wako uiguse kabla hujanawa mikono.

Na hapo ndipo ulipo wimbo ninaotaka kukusimulia. Bibi aliuita Shona Mwanangu. Kama umewahi kuhudhuria harusi yoyote ya watu wetu katika mji huu, umeshausikia, hata kama uliambiwa jina jingine. Fidla inaanza chini, inavuta polepole, kama mtu anayepitisha uzi mrefu kwenye kitambaa kizito. Halafu ghafla inashika mwendo, tiki-tiki-tiki-tiki, mguu uko kwenye pedeli, na hapo hata aliyekaa na goti bovu anasimama. Mimi hadi leo nikiusikia siwezi kumaliza sentensi niliyokuwa nikiisema.

Umetoka wapi? Usiulize swali hilo mbele ya watu wengi. Bibi alisema uliletwa na mafundi wa Tanga waliokuwa wakishonea barazani, na kwamba babu yake mwenyewe ndiye aliyeutoa kwenye mlio wa cherehani na kuuhamishia kwenye fidla. Muuza manukato wa chini, Mzanzibari, alisema watu wa Tanga waliuiba Unguja, na akaapa. Papa Safari alitikisa kichwa kwa upole. "Ile wimbo iko ya kwetu, Mama," alimwambia Bibi. "Babu yangu alikuwa anaipiga ku zeze, kule ku ziwa, mbele ya fidla kufika." Lakini waliotukomesha ni Wazimbabwe wa ghorofa ya juu. Waliposikia wimbo unaitwa Shona, wao kwao hapakuwa na mjadala tena: ni wimbo wa Washona, kabila lao, wenyewe unajitaja! Siku hiyo Bibi alishindwa kumaliza chai yake.

Penye mabishano yote hayo, jambo moja hapakuwa na wa kulibisha pale karakana. Gauni la bibi harusi halimalizwi kwa mashine. Mshono wa mwisho, ule wa ubavuni chini ya kwapa, unashonwa kwa mkono, bibi harusi akiwa ndani ya gauni lake, fidla ikilia na wanawake wakiimba. Uzi lazima usikie. "Gauni lisiloimbiwa linashonwa, lakini halishikani," Bibi alituambia, na ushahidi alikuwa nao tele. Alikuwa na kisa cha mwari wa mtaani kwao aliyefanyiwa haraka, bila fidla, bila wimbo. Hina haijafutika mikononi, mwanamke kesharudi kwao na sanduku lake kichwani.

Basi Mamdogo Saumu akapata mchumba. Aliitwa Bheki, Mzulu wa Soweto, mtu mrefu mwenye haya, aliyeuza zipu na vifungo kwenye duka la vitambaa tulikonunua vitu vyetu. Mwaka mzima Mamdogo alikuwa akigundua kila asubuhi kwamba zipu zimeisha. Mama alipofungua droo na kukuta zipu za kutosha nguo za kata nzima, ndipo tulipoelewa. Bheki alisilimu, akaitwa Bakari, ingawa Bibi peke yake ndiye aliyemwita hivyo. Alikuja kujitambulisha akiwa amekariri Kiswahili chake njia nzima, akapiga magoti na kusema, "Shikamoo Mama, mimi penda sana Saumu, asante." Bibi alicheka mpaka miwani ikamdondoka, na tangu siku ile akamwita mwanangu.

Kwa upande wao mwenye usemi alikuwa bibi yake Bheki, Gogo Thoko, yaani Bibi Thoko, aliyemlea tangu mdogo. Gogo alikuwa mama wa kanisa, mwenye mgongo ulionyooka na macho yasiyopitwa na kitu. Aliposikia tumetoka Tanga alitabasamu, kwa sababu kwa Kizulu neno linalofanana na hilo ni boga, na papo hapo akambatiza Bibi jina la MaThanga. Mimi, niliyeokota Kizulu shuleni, nilimweleza Bibi maana yake. "Boga ni chakula," Bibi akasema. "Kaniheshimu."

Siku moja kabla ya harusi, mchana, Gogo alipanda ngazi zetu zote na binti zake wawili, kila mmoja akiwa na mablanketi ya zawadi kichwani. Walikuja kuangalia gauni likimaliziwa. Jengo zima lilikuwa mlangoni kwetu. Mamdogo Saumu alisimama juu ya stuli ndani ya satini nyeupe, akitetemeka kwa furaha hadi pini zikawa zinamchoma na anacheka. Bibi alivaa subana yake kidoleni, akasema bismillahi, akatunga uzi kwenye sindano. Papa Safari akaishusha fidla.

Mwanzoni mambo yalikuwa matamu ajabu. Gogo alifumba macho fidla ilipovuta, na ilipoanza kukimbia mabega yake yalianza kukimbia nayo. Nilimwangalia nikajawa na fahari, kana kwamba mimi ndiye ninayepiga. Kisha Bibi akapaza sauti:

"Shona, mwanangu, shona,
nguo ikukae mwilini!"

Na jengo zima likaitikia: "Shonaaa!"

Mabega ya Gogo yalisimama. Alifumbua macho, akamtazama Bibi, akaitazama sindano iliyokuwa ikiingia ubavuni kwa mchumba wa mjukuu wake. Akasimama. "Hhayi bo!" alisema, na sauti yake ikaikata fidla katikati. "Nithi akashone?"

Watu wetu hawakuelewa. Mimi nilielewa: alikuwa akiuliza, mnasema afe? Kwa Kizulu kushona ni kuzama, kama jua linavyozama. Na ndilo neno la heshima la kufa. Mtu akifariki hawasemi kafa, wanasema ushonile. Na neno mwanangu Gogo alishalijua, maana Bheki aliwaambia kwao kwa majivuno jinsi Bibi anavyomwita. Kwa hiyo Gogo alichosikia ni hiki: bibi kizee ameshika sindano, anamwimbia msichana, kufa mwanangu, kufa, na umati mzima unaitikia kwa vifijo. Hata leo nikijiweka upande wake nywele zinanisimama.

"Mwambie, Mwanaidi!" mama alinisukuma mbele. "Waambie ni kushona nguo!"

Nikamwambia Gogo kwa Kizulu, mbio mbio, kwamba kwetu kushona ni kazi ya sindano, ndiyo kazi ya nyumba hii, hakuna anayekufa. Gogo alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mkali kwangu. Alinishika kidevu akasema, "Mjukuu wangu, naamini kwamba kwenu ni hivyo. Lakini kitambaa hiki kimenunuliwa hapa Johannesburg. Chenyewe kinajua lugha gani?"

Nilikuwa nimelelewa na mwanamke anayeamini kwamba vitambaa vinasikia, na sasa nilikuwa mbele ya mwanamke mwingine mwenye imani ile ile, tena aliyeipeleka mbali zaidi. Nikamtafsiria Bibi. Bibi alifikiri kidogo, akainua kidonge cha uzi.

"Mwambie kitambaa ni cha kwao, lakini uzi nimeutoa Tanga."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Binti wa Gogo alianza kukusanya mablanketi. Mwingine alisema wazi kwamba harusi inayoanza kwa kumtakia mtu kifo heri isiwepo. Mamdogo Saumu juu ya stuli alikuwa akiniuliza, "Anasemaje? Anasemaje?" na mimi sikutaka kumjibu. Mama, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa kuzima moto wa wengine, akapiga makofi na kusema wimbo basi, gauni limaliziwe kimya kimya, na watu waende wakalale.

"Eish, Mama, tuache tu," Papa Safari alimwambia Bibi huku akirudisha fidla msumarini. "Harusi iko ya batoto, haiko yetu."

Bibi alimaliza mshono ule amefunga mdomo. Sijawahi kuona sindano ikiingia kwa hasira vile. Alipokata uzi alisema sentensi moja tu, bila kumwangalia mtu. "Gauni hili kesho halitafika jioni."

Usiku ule nililala vibaya, nikiliwaza gauni limening'inia gizani na kinyongo chake.

Asubuhi nikaha ilifungwa vizuri, na mchana tukahamia Soweto, uani kwa Gogo, kwenye turubai jeupe lililojaa watu mpaka barabarani. Masufuria yalikuwa yakifuka, Papa Safari alikuwa pembeni na fidla yake akipiga nyimbo za kawaida, nami nikaanza kuamini kwamba Bibi amekosea. Dada zake Bheki walimvuta Mamdogo katikati wamfundishe kucheza kwao: mguu unapanda juu, unashuka kwa kishindo, mikono hewani. Mamdogo alikuwa mwepesi. Aliinua mguu, umati ukashangilia. Akainua mikono yote miwili.

Chwaaa!

Mshono ulifumuka kutoka kwapani mpaka kiunoni. Nasema ulifumuka, sijasema ulichanika. Kitambaa kilikuwa kizima, uzi ndio ulioachia. Mamdogo alibana mkono ubavuni na kujikunja. Bibi hakunyanyuka hata kwenye kiti.

"Nilisema," akasema.

Na Gogo, upande wa pili wa turubai, alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Yeye naye alikuwa na maelezo yake: neno limeshasemwa jana, kitambaa kimelisikia, na haya ndiyo majibu. Aliwaambia wazee wa kwao, mimi nikiwa karibu nasikia, kwamba hawezi kumwingiza msichana nyumbani kama mkwe akiwa na neno lile mwilini. Arudi Joubert Park na watu wake, halafu ukoo ukae, ujadili. Bheki alinishika bega, kanzu yake mpya ikiwa imelowa jasho. "Watu wenu wanasemaje, Naidi? Bibi yako anasemaje?" Nilimwona mtu mzima akikaribia kulia, na niliogopa kuliko nilivyokuwa nimeogopa kitu chochote.

Gogo alimwingiza Mamdogo chumbani kwake, asitirike tu, Bibi akafuata na kikapu chake cha kushonea, na mimi nikaitwa kutafsiri. Nani mwingine? Kizulu cha mama kilikuwa cha sokoni, na Kiswahili cha Bheki kilikuwa cha mapenzi tu. Mlango ukafungwa. Chumba kilikuwa na kitanda kirefu, kabati na picha za marehemu, na katikati yake amesimama Mamdogo Saumu ameshikilia gauni kwa viwiko, wanja umemtiririka mashavuni.

Bibi alitunga uzi, akavaa subana, kisha akasimama wima. "Mwambie bila wimbo sitii sindano. Nilitia jana, kila mtu kaona."

Nikatafsiri. Gogo akakunja mikono. "Mwambie wimbo ule hauimbwi chini ya paa hili."

Nikatafsiri. Wakatazamana. Wote wawili walikuwa wafupi, wote wawili wamevaa mitandio ya sherehe, wote wawili wamebana midomo kwa namna moja. Nje nilisikia watu wakianza kuvuta viti, na gari moja likiwashwa.

"Jamani!" Mamdogo alipasuka. "Mimi niko uchi hapa!"

Kilio kile hakikuhitaji mkalimani. Gogo alimgeukia, akauona ubavu wake umesimama vipele kwa baridi, na uso wake wote ukabadilika. Alivua shali yake akamfunika, akamkumbatia kama anavyokumbatiwa mtoto aliyeanguka. Kisha akamgeukia Bibi, akanyoosha kidole kwenye mshono uliofumuka, na kusema kwa sauti ya kubembeleza na kuamuru papo hapo:

"Thunga, MaThanga! Thunga!"

Sasa sikiliza. Kwa Kizulu, kazi ya sindano ni kuthunga, na ile herufi h haisikiki kama unavyodhani. Inasikika tunga. Gogo alikuwa akisema: basi shona, mama, yaishe, shona. Nilifungua mdomo nitafsiri, lakini Bibi alininyamazisha kwa mkono.

"Usinitafsirie. Nimesikia mwenyewe. Anasema nitunge."

"Nitunge!" Bibi alirudia, akishangaa. "Wimbo wa babu yangu! Ananiambia nitunge maneno mengine!" Kwanza alikasirika, nilimwona. Halafu kitu kikapita usoni mwake. Alimtazama Gogo, aliyekuwa bado amemkumbatia Mamdogo, akinyoosha kidole na kusema thunga, thunga. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumwambia Bibi atunge kitu. Alikuwa ameshonea watu maisha yake yote kwa vipimo vyao, na kuimba yaliyoimbwa na wengine.

"Anasemaje?" Gogo aliniuliza.

"Anafikiri," nikamjibu. Na ulikuwa ukweli mtupu.

Ningeweza kuwaeleza. Lilikuwa jambo la sentensi mbili. Lakini niliwaangalia wale wanawake wawili, nikamwangalia Mamdogo, na nikajua kwa akili yangu yote ya kitoto kwamba hapa tafsiri haitakiwi. Nilifunga mdomo wangu na kuuma ulimi.

Bibi alifungua dirisha. "Papa Safari! Lete fidla hapa! Wimbo ule ule, maneno mapya!"

"Njo hiyo, Mama!" Papa Safari aliitikia, na kabla dirisha halijafunguka lote fidla ilikuwa imeanza kuvuta chini chini. Bibi alikaa kitandani kwa Gogo, akamvuta Mamdogo karibu, akachoma sindano ya kwanza, akaimba kwa sauti ya kujaribu:

"Tunga, mwanangu, tunga,
nguo ikukae mwilini..."

Gogo aliganda. Kisha akapiga kofi moja kubwa. "Thunga!" alipiga kelele. "Yebo! Thunga, mwanangu!" Maana yeye alisikia: shona, mwanangu, shona, kwa lugha ambayo kitambaa kile kilinunuliwa nayo. Alidhani Bibi amejifunza Kizulu pale pale, kwa ajili yake. Fidla ikashika mwendo, tiki-tiki-tiki-tiki, na Gogo akaingia na sauti ya chini, ya kanisani, iliyonifanya nisikie kifua changu kinatikisika. Nje mmoja akaitikia, kisha meza nzima, kisha uani kote, Wazulu wakiimba wakijua ni kushona, watu wetu wakiimba wakidhani ni kutunga, na hakuna aliyekosea! Nilirukaruka juu ya kitanda cha Gogo na viatu vyangu, na hakuna aliyenikaripia.

Mamdogo alitoka akicheza. Aliinua mikono yote miwili, makusudi, mbele ya kila mtu. Uzi ulishika. Na umeshika hadi leo: yeye na Babamdogo Bheki wanazozana kila siku kuhusu mlango wa friji, na hawajawahi kulala nyumba mbili.

Tangu siku ile wimbo ukaota miguu. Papa Safari aliupeleka kanisani kwao wakauwekea maneno ya Mungu. Wasusi waliupeleka saluni. Dada zake Bheki waliueneza Soweto, na mafundi wa huko wakaanza kudai bibi harusi hamaliziwi gauni bila fidla, kana kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu dunia kuumbwa. Juzi tu nilisimama kwenye robot, taa za barabarani, pale Braamfontein nikausikia ukitoka kwenye gari la wanafunzi, fidla ile ile, chini yake wameweka ngoma nzito ya kompyuta inayotikisa vioo. Niliteremsha dirisha nikapiga kelele, "Wimbo wa nyumbani kwetu huo!" Kijana akanijibu kwa heshima, "Hapana, mama, ni wa kwetu." Sharp, nikamwambia, yaani sawa. Hata Tanga nimekwenda, harusini, na nikawasikia wakiimba Tunga Mwanangu. Simu zimeshaufikisha. Nilipouliza habari za Shona, mama mmoja alinieleza kwa huruma kwamba Tunga ndilo neno la asili, na Shona ni makosa ya watu wa ugenini.

Bibi na Gogo walikuwa mashoga tangu siku ile. Kila mmoja aliamini kwamba mwenzake alimtii. Gogo alijivuna kwa mkwe aliyebadilisha lugha kwa upendo, na Bibi alijivuna kwa mtu wa kwanza aliyemtambua kuwa ni mtunzi. Mimi niliyejua ukweli niliendelea kuuma ulimi kila nilipokuwa nao.

Mwaka jana Bibi alitutoka, kitandani kwake, mchana, cherehani la mama likiwa linakwenda chumba cha pili. Babamdogo Bheki alichukua simu kuwaarifu kwao. Nilikuwa nimekaa sakafuni naikunja mitandio yake, nikamsikia akisema taratibu: "Ugogo ushonile." Neno lile, ambalo siku moja lilikaribia kuvunja harusi, likaniingia kwa masikio yote mawili. Bibi ameshona. Nililia, lakini nilikuwa natabasamu, na Babamdogo alinitazama akidhani nimechanganyikiwa.

Unaniuliza kama naamini kwamba nguo zinasikia? Nina karakana yangu sasa, na wafanyakazi wangu wanajua kwamba mwenye ugomvi atoke nao nje. Zaidi ya hapo sisemi.

Mwezi uliopita ilikuwa zamu ya binti yao kuolewa, binti wa Mamdogo na Bheki. Gauni nilishona mimi. Gogo Thoko aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, mzee sana sasa, mgongo bado umenyooka. Kijana wa Papa Safari alikuwa anakaza nyuzi za fidla ya baba yake. Nilivaa subana ya Bibi, na nikiwa nimeinama karibu na sikio la Gogo, nikamwambia. Nilimweleza yote, kwamba siku ile alisema shona na Bibi akasikia tunga, kwamba Bibi hakujua Kizulu hata kidogo, kwamba alidhani anaombwa wimbo.

Gogo akaanza kucheka, kwanza mabega, halafu mwili mzima, mpaka kitukuu chake akashuka kwenye stuli kuja kuona kuna nini. Alifuta machozi kwa ncha ya shali. "Na lile neno la kwanza," aliuliza, "alilotaka yeye. Uliniambia nini maana yake?"

"Kazi ya sindano, Gogo."

Alitikisa kichwa, akamwashiria kijana wa fidla aanze. Fidla ikavuta chini, polepole. Nikachoma sindano ya kwanza ubavuni kwa binti, nikafungua mdomo kuimba kama tulivyozoea, lakini Gogo alinitangulia, kwa sauti yake ya kanisani iliyokwisha kukwaruza:

"Shona, mwanangu, shona!"

Chumba kizima kikaitikia, na safari hii hakuna aliyeniomba nitafsiri.